Jerioth na Kioo cha Mama Paraska

Jerioth Ciarunji alikuwa fundi wa nguo kule Siakago kabla hajawa mtunza wazee Texas. Ni vyema lisemwe mapema, maana waliomjua Marekani walimjua kwa koti lake la bluu la kazi na viatu vyeupe, wakadhani alizaliwa navyo. Siakago alikuwa na cherehani yake kwenye veranda ya duka, akishona sare za shule, magauni ya maharusi na kanzu za wanakwaya, na si wengi waliowahi kumrudishia nguo wakisema haikai vizuri.

Mumewe alipofariki na watoto wakawa watu wazima, Njiru, kifungua mimba wake, alijaza ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, akamjazia na mama kama mzaha. Jina lililotoka likawa la mama. Njiru alinuna wiki nzima, kisha akamsindikiza uwanja wa ndege. Huo ulikuwa mwaka wa 1998, na Jerioth alikuwa amepita hamsini. Alibeba sanduku moja, na katikati ya nguo akauviringa mkasi wake wa kazi, kwa sababu hakuamini kuwa huko aendako kuna mkasi unaokata sawasawa.

Dallas alipokewa na Kezia, nesi kijana wa Nyeri aliyekuwa akiishi Vickery Meadow, kwenye zile nyumba za kupanga ambako mlango huu kuna Mkongo, mlango ule Msomali, na juu yako Mbosnia anayepika vitunguu tangu asubuhi. Kezia alimtafutia kazi ya kutunza wazee, akamfundisha kuendesha gari, na Jumapili akawa anampeleka kanisani kwa Wakenya. Huko ndiko swali lilikoanza.

"Mama, wewe wa wapi Kenya?"

"Siakago."

"Siakago ni wapi tena?"

"Chini ya Embu."

"Ooh, basi wewe ni Mkikuyu tu."

"Eeh," Jerioth akajibu, na maongezi yakaendelea.

Hakuwa Mkikuyu. Alikuwa Mmbeere, watu wa nyanda kavu, wa mtama na mbuzi na mizinga ya nyuki inayoning'inia mitini. Lugha zinakaribiana, Kikuyu alikijua tangu utoto sokoni, na nyimbo aliziweza. Kueleza kunachosha, hasa ukiwa umetoka kumgeuza mtu wa kilo mia kitandani tangu alfajiri. Baada ya miaka michache hakukuwa na mtu Dallas nzima aliyejua, hata Kezia aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Jerioth mwenyewe alikuwa hafikirii tena jambo hilo.

Mwaka wa 2001 alipata kazi Fort Worth, kwenye nyumba ya matofali ya mwanamke aitwaye Helen, aliyekuwa mhasibu na mjane. Kazi ilikuwa kumtunza mama wa Helen, aliyekaribia miaka themanini, miguu ikiwa imekataa. Helen alimpokea mlangoni akampeleka sebuleni.

"Huyu ni mama yangu, Pauline. Asili ya familia yetu ni Slovakia."

"Ya kwako, labda," sauti ikatoka kwenye kiti cha dirishani. "Na hilo Pauline ni jina la paka."

Helen akavuta pumzi kama mtu aliyesikia hayo mara nyingi, akachukua funguo zake, akaenda kazini. Jerioth akabaki amesimama na mkoba wake.

"Nikuite nani basi, mama?"

"Paraska."

"Mtu wa umri wako siwezi kumwita jina tupu. Nitakuita Mama Paraska."

Mzee akamtazama, au tuseme akageuza kichwa amtazame kwa kando, kwa sababu macho yake yalikuwa na doa katikati. Pembeni aliona, pale hasa alipoelekeza jicho palikuwa na ukungu.

"Helen amepata mtu safari hii," akasema. "Yule wa kwanza alikuwa ananiita mpenzi wangu. Mimi si mpenzi wake."

Siku ile ile, Jerioth akimwosha miguu, Mama Paraska akamuuliza kama amewahi kusikia habari za Warusini. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, kwa hiyo walielewana vizuri sana.

"Warusi?" Jerioth akauliza.

"Warusi wana nchi, tena kubwa. Waslovakia wana nchi. Wapolandi wanayo, Waukraini wanayo. Sisi Warusini hatuna hata stempu ya posta. Tuko milimani, pale wote hao wanapokutana, na kila anayepita anatuambia sisi ni wake. Shuleni mwalimu alikuja akatuambia tu watu fulani. Akaondoka, akaja mwingine, akasema yule wa kwanza alidanganya. Mimi nilikuwa kwenye benchi lile lile."

"Na nyumbani mlijiita nani?"

"Nyumbani hatukuwa na haja ya kujiita. Ukimuuliza bibi yangu anaongea lugha gani, alikuwa anasema *po našomu*. Yaani, ya kwetu. Basi. Na wewe je, kabila lako?"

Jerioth akafungua mdomo kujibu alivyozoea, akaona kwamba huyu hata Kikuyu hajui ni nini.

"Mimi ni Mkenya," akasema.

"Nimeuliza kabila. Pasipoti sijaiuliza."

Jerioth akamkausha vidole kimoja kimoja, akamvika soksi.

"Mmbeere," akasema.

Mama Paraska akalirudia neno hilo polepole, akilikosea, akarekebishwa, akalirudia tena mpaka likakaa. Tangu Jerioth atoke uwanja wa ndege wa Nairobi, hakuwa amelisikia mdomoni mwa mtu mwingine.

Kuta za nyumba ile zilijaa picha, na zote zilichorwa kwenye kioo. Kulikuwa na makanisa ya mbao yenye paa za ngazi tatu, wachungaji na kondoo, wanawake na vikapu vya Pasaka vikingoja kubarikiwa. Mama Paraska alijifunza kazi hiyo kwa bibi yake katika kijiji cha Jalinka, akaja nayo Amerika baada ya vita alipomfuata mume aliyechimba makaa Pennsylvania, akaishusha hadi Texas viwanda vya chuma vya huko vilipofungwa na watoto wakafuata kazi kusini.

Kazi yenyewe ni kinyume cha uchoraji mwingine. Unachora mgongoni mwa kioo na watu wanatazama usoni. Kwa hiyo kile ambacho kwenye karatasi kingepakwa mwisho, hapa kinapakwa kwanza: mboni kabla ya jicho, jicho kabla ya uso, ua la tarizi kabla ya aproni. Anga linakuja mwisho kabisa na kufunika kila kitu. Ukipaka uso kabla ya macho, bibi harusi wako atakuwa kipofu. Na kushoto kunakuwa kulia.

"Ni kama kushona gauni," Jerioth alisema alipoelezwa. "Unalishona ndani nje, halafu unaligeuza."

"Basi unajua tayari," Mama Paraska akasema.

Alijua, na bado alikosea, kama itakavyoonekana.

Baridi ya mwaka uliofuata, Helen alikuja na habari kutoka kwa kaka yake Houston. Kulikuwa na maonyesho yanaandaliwa huko mwezi wa nne, kwenye ukumbi wa kanisa, ya watu ambao wazazi wao walitoka Ulaya ya mashariki. Chakula, ngoma, na kazi za mikono. Walikuwa wanamwomba Mama Paraska picha moja.

Kesho yake, Jerioth akimchana nywele, Mama Paraska akaanza kuongea.

"Nimewahi kuweka picha zangu mara tatu. Pittsburgh waliniweka na Warusi. Cleveland wakaniweka na Waukraini. Houston, miaka ile tulipohamia, wakaniweka na Waslovakia, na Helen akapiga picha chini ya bendera. Kila mara nilisema haidhuru, ni siku moja tu. Hii itakuwa ya nne, na macho yamekwisha. Nataka picha moja tu iwekwe kwa jina la watu wake kabla sijafa. Sina ombi lingine kwa mtu yeyote."

"Na nani atachora, kama macho yamekwisha?"

"Wewe ulikuwa unashona magauni ya harusi, sivyo? Basi utachora harusi."

Wakaanza. Mama Paraska alichagua sehemu ya harusi ambayo Helen hakuwahi hata kuisikia. Bibi harusi wa Jalinka alikaa kwenye kigoda usiku ukikaribia kwisha, wanawake walioolewa wakamzunguka, wakamvua taji la maua la usichana na kumvika kofia ya kitambaa ya mke wa mtu. Alitakiwa kuitupa. Wakaivika tena, akaitupa tena. Ya tatu aliipokea, na hapo mama yake ndipo alipolia kweli.

"Na wewe uliitupa?" Jerioth aliuliza.

"Ya kwanza niliitupa mpaka ikafika kwenye supu."

Jerioth alichora mezani karibu na dirisha, brashi nyembamba mkononi, Mama Paraska pembeni akiongoza kwa mdomo. Maua ya tarizi yalimtoka vizuri, kwa sababu alikuwa ameshona ya aina hiyo, na mzee aliyatambua kwa kuweka kioo kwenye mwanga na kukitazama kwa pembe ya jicho. Vitambaa vya wanawake waliozunguka vilikuwa na shida zaidi.

"Fundo hilo liko wapi?"

"Hapa shingoni, mama."

"Liondoe. Shingoni ni la bonde lingine. La kwetu liko nyuma ya sikio la kushoto. Ukiliweka hapo, mtu wa kwetu akilitazama anajua baba yako alichunga mlima upi."

Jerioth akachukua wembe, akalikwangua, akalichora upya nyuma ya sikio. Alikumbuka kugeuza: la kushoto akaliweka kulia. Mpaka mwezi wa tatu walikuwa wamemaliza watu. Likabaki kanisa nyuma yao kwenye kilima, na juu ya kanisa msalaba.

Msalaba wa Wakatoliki wa kule una vipande vitatu vya kukingama: kifupi juu, kirefu katikati, na cha chini kilicholala mshazari, kushoto kwako juu, kulia chini. Mama Paraska alisema ule upande ulioinuka ni wa yule mwizi aliyetubu. Jerioth akachukua picha ya zamani ya kamera, ya kanisa lenyewe la Jalinka, akaisimamisha mbele yake, akauiga msalaba ule mstari kwa mstari kama mtoto wa shule anavyoiga ubao. Kisha akapaka anga la bluu juu yake. Rangi zilipokauka, mzee akapitisha vidole mgongoni mwa kioo, akasema, "Sasa ipo."

Asubuhi ya safari, Helen alikuwa tayari Houston kwa kaka yake. Jerioth ndiye aliyekuwa aendeshe gari, yeye na mzee. Alifungasha chapati na mayai ya kuchemsha, akakibeba kioo akiviringishie blanketi. Akakigeuza upande wa uso. Ukutani mbele yake kulikuwa na kanisa jingine la Mama Paraska, la zamani, na misalaba miwili ikawa inatazamana. Kile kipande cha chini kwenye picha mpya kilikuwa kimelala upande usiofaa. Aliiga picha ya kamera kama ilivyo. Hakugeuza.

Alifunga blanketi, akaenda kumpakia mzee garini.

Kutoka Fort Worth hadi Houston ni safari ya asubuhi nzima, na baada ya Corsicana barabara haina cha kutazama. Mama Paraska aliongea njia yote. Alisema atavaa shali nyekundu. Alisema watakapomuuliza atawaeleza mwanzo wa habari, si katikati. Jerioth alikuwa akisema "ndiyo, mama" tu. Mzee asingeona kosa hilo hata kidogo. Angekaa pale mbele ya watu, amejifunga shali, na mtu wa kwanza wa kwao atakayepita angejua kuwa huo msalaba si wao.

Karibu na Centerville akaingia kwenye mahali pa kupumzikia kando ya barabara. Akazima gari.

"Mama Paraska, msalaba nimeukosea. Cha chini kimelala kinyume. Sikugeuza."

Mzee akageuza kichwa amtazame kwa kando.

"Warusi wametugeuza," akasema. "Mwalimu wa kwanza ametugeuza, wa pili ametugeuza. Nikasema Mmbeere hatanigeuza. Na wewe umenigeuza."

"Nisamehe, mama."

"Fundi wa nguo! Mikono ya shati ulikuwa unaiweka wapi, mgongoni?"

Mzee akanyoosha mkono.

"Wembe unao?"

"Upo kwenye mkoba."

"Lete kioo mapajani kwangu. Kwangua hicho kipande na anga lake, kisha kwangua njia nyingine ya mshazari ulio sahihi, nyembamba. Pale cha zamani kilipokuwa, patie bluu."

"Bluu imebaki nyumbani, mama. Rangi zote zimebaki."

Mama Paraska akafikiri. Kisha akanusa.

"Chapati zako umezifunga na nini?"

"Foili."

"Bibi yangu alipokosa rangi ya dhahabu alikuwa anakwangua kioo na kubandika nyuma karatasi ya bati ya tumbaku ya babu. Ndizo picha walizozipenda watu kuliko zote. Fungua chapati."

Jerioth akamshusha mzee, wakaifanya kazi pale pale kwenye meza ya zege, malori yakinguruma. Jerioth alikwangua kwa wembe polepole. Mshazari wa zamani ulipoondoka, pakabaki pengo jeupe kwenye anga. Akatafuta kwenye mkoba, akakata kipande cha kitambaa cha bluu kutoka kwenye pindo la ndani la koti lake la kazi, akakibandika nyuma kwa gundi ya plasta ya vidonda. Kwenye mshazari mpya akabandika ukanda wa foili, aliokuwa ameukata kwa mkasi wa Siakago ukanyooka kama uzi. Safari hii alikigeuza kioo kila dakika, akahakikisha. Alipomaliza, akakisimamisha juani kando ya mzee, pale pembe ya jicho lake ilipoona.

Kipande cha chini kiliwaka.

"Naona kitu kinang'aa," Mama Paraska akasema. "Kimeinuka upande gani?"

"Kushoto kwako."

"Haya. Lete chapati, kabla hazijawa ngumu."

Ukumbi wa Houston ulikuwa umejaa watu na harufu ya kabichi. Meza zilipangwa kando ya kuta, kila meza na bendera yake: Poland, Ukraine, Slovakia, Cheki, Urusi. Mwandalizi alikuwa Bwana Kubala, mhandisi mstaafu, mtu mpole aliyekuwa amechoka tangu asubuhi. Aliinama akamsalimu Mama Paraska, akamwonyesha meza ya Slovakia.

"Tumewawekea nafasi nzuri sana, karibu na dirisha."

"Mimi si Mslovakia," Mama Paraska akasema. Kioo kilikuwa mapajani mwake ndani ya blanketi na mikono yake juu yake. "Mimi ni Mrusini. Iandikwe hivyo."

"Bibi, nakuelewa kabisa. Lakini tumepanga kwa nchi."

"Mama," Helen akasema, "ni siku moja tu."

"Ni siku moja tu Pittsburgh. Ni siku moja tu Cleveland. Jerioth, tugeuze gari."

"Tumetoka mbali, Mama! Jerioth, mwambie basi."

Wote wakamtazama Jerioth. Aliyemwajiri alikuwa Helen, na hilo halikumtoka akilini. Alizungusha macho ukumbini, bendera baada ya bendera.

"Bwana Kubala," akauliza, "hakuna meza isiyo na bendera?"

"Hakuna. Ni ya kahawa tu."

"Basi tuweke ya kahawa."

"Ya kahawa?" Helen akasema. "Karibu na vikombe?"

"Kila mtu atapita hapo," Jerioth akasema. "Hata wa Urusi wanakunywa kahawa."

Bwana Kubala akajikuna kidevu, akacheka kidogo. Walisogeza sukari, wakakisimamisha kioo kwenye ukuta nyuma ya birika, chini ya taa. Bwana Kubala akachukua kadi na kalamu.

"Niandike nchi gani?"

"Hakuna nchi," Jerioth akasema. "Andika watu."

Akaandika *Warusini*, na chini yake *Paraska Hrinko*. Helen akasoma, akamsahihishia herufi moja ya jina la ukoo, kisha akaenda kumletea mama yake kiti kizuri zaidi.

Si kwamba ukumbi wote ulisimama kuitazama. Wengi walijaza vikombe wakaenda zao. Wengine waliona kitu kinang'aa, wakainama, wakauliza ni nini, na Mama Paraska akaanza mwanzo kama alivyoahidi, na kabla hajafika katikati wakawa wameitwa kula. Mzee mmoja mwenye fimbo alisema Warusini ni Waukraini walioko mlimani. Mama Paraska akamwambia basi Waukraini ni Warusini walioshuka, wakabishana kwa furaha mpaka kahawa yake ikapoa.

Jioni, watu wakianza kukunja meza, akaja mwanamke wa Beaumont, mnene, wa kama miaka hamsini, kutafuta maziwa ya kahawa. Akaona kioo. Akaweka kikombe chini.

"Bibi yangu alikuwa na picha ya namna hii," akasema. "Ilivunjika tulipohama. Huyo ni nani wanayemvua maua?"

"Ni bibi harusi," Mama Paraska akajibu. "Bibi yako alikuwa wa wapi?"

"Hatukuwahi kujua. Baba alisema Austria. Mjomba akasema Urusi. Tulipomuuliza mwenyewe, alisema tu anaongea... ilikuwa kama *po našomu*."

Mama Paraska akashika mkono wa kiti.

"Alifungaje kitambaa?"

"Kitambaa cha kichwa? Sijui kueleza."

"Usieleze. Funga. Jerioth, mpe kitu."

Jerioth akatoa leso yake kwenye mkoba. Mwanamke akaiweka kichwani, akasita, mikono ikapapasa, ikakumbuka yenyewe, ikafunga. Akainama, na Mama Paraska akaligusa fundo kwa vidole, akalifuata pande zote.

"Bonde la pili kutoka kwetu," akasema. "Watu wachoyo sana. Walituuzia ng'ombe tasa mwaka ule wa mafuriko."

Mwanamke akacheka huku machozi yakimtoka, akavuta kiti, na Bwana Kubala alilazimika kuwangoja na funguo mlangoni. Helen alikaa karibu nao hadi mwisho. Leso ya Jerioth haikurudi.

Mama Paraska alifariki mwaka wa 2005, kitandani mwake, wakati wa chakula cha mchana. Kioo kile Helen alikitundika sebuleni. Jerioth alikaa naye wiki mbili zaidi kusaidia kupanga vitu. Siku moja alikuja jirani kutoa pole, akasimama mbele ya picha, akauliza kama ule msalaba wenye kipande kinachong'aa ni wa Waslovakia. Jerioth alikuwa jikoni akikausha sahani. Alimsikia Helen akianza, "Hapana, sisi ni Warusini," na baada ya hapo alilazimika kueleza, na kueleza, na kueleza, chai ya jirani ikapoa.

Krismasi ya mwaka huo Kezia, aliyekuwa amenunua nyumba DeSoto, aliwaalika Wakenya wengi. Baada ya nyama, wakaanza nyimbo za nyumbani, kila kabila na zake. Wajaluo wakaimba, na mmoja wao, Otieno, akacheza mpaka kiti kikavunjika. Wakalenjin wakaimba. Kisha Kezia akapiga makofi.

"Sasa sisi! Mama Njiru, wewe ndiwe mzee wetu, anzisha. Wakikuyu, simameni!"

Jerioth alibaki amekaa.

"Mimi si Mkikuyu, Kezia. Mimi ni Mmbeere."

Sebule nzima ikacheka, ikidhani ni mzaha.

"Tangu lini?" Kezia akauliza.

"Tangu kuzaliwa."

"Haki, Mama Njiru, miaka yote hii? Na si ni kitu kimoja tu?"

"Kama ni kitu kimoja, basi leo sema wewe ni Mmbeere."

Otieno akapiga kelele kwamba Kezia amepatikana. Kezia akashika kiuno.

"Haya basi," akasema, "hao Wambeere wako huimba nini?"

Jerioth akasimama, akanyoosha gauni. Akaanza wimbo wa kufukuza ndege kwenye mtama, ule wa mama yake. Ubeti wa kwanza ulitoka sawa. Katikati ya wa pili maneno yakamtoroka, kwa kuwa hakuwa ameyaimba kwa watu tangu Siakago. Watu wakangoja. Hakuchukua wimbo mwingine wowote. Akarudi mwanzo, polepole, na safari hii akapita pale alipokwama.